Eda ya Paka

Nchi ninayoisimulia haipo. Asije mtu akainuka akasema anaijua, kwamba ana shangazi yake huko, au kwamba aliwahi kupita akakamatwa kwa kosa la kukohoa wakati wa wimbo wa taifa. Haipo, na viongozi wake ni watu wema sana ambao wangechukia kusikia kwamba hawapo.

Basi katika nchi hiyo, siku ya Jumanne, paka wa Mtukufu Baba wa Wote alikufa. Aliitwa Mheshimiwa Almasi. Alikuwa na mlinzi, dereva, na kiti bungeni. Jana yake, Jumatatu, kwenye karamu ya Siku ya Kutokomeza Njaa, alikula samaki wote wa meza kuu peke yake, akajilaza juu ya hotuba ya mgeni rasmi, asiamke tena. Redio ya Taifa ilitangaza kuwa marehemu amefariki kwa uchovu wa kulitumikia taifa.

Msiba wa wengi harusi, na serikali ikaona vema wengi hao wasipungue hata mmoja. Waziri wa Hisia za Wananchi, Mheshimiwa Profesa Ngwandu, alisimama mbele ya vipaza sauti kumi na vinne, akalia kwanza dakika saba kama ilivyoandikwa kwenye ratiba, halafu akasoma tamko.

"Ndugu wananchi," alisema, "sisi binadamu tunaweza kulia. Je, paka? Paka wa nchi hii wamefiwa na kiongozi wao. Tumewauliza wanataka kuomboleza vipi, wamekaa kimya, na kunyamaza ni kukubali. Kwa hiyo, kuanzia leo, paka wote wa nchi hii watakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Haogeshwi paka. Hachanwi paka. Hakatwi kucha, hafutwi tongotongo, hapakwi chochote cha kumpendezesha. Paka atakayeonekana amependeza atahesabiwa kuwa ameufurahia msiba."

Mwandishi mmoja wa habari aliuliza iwapo eda si ya wajane wa kike peke yao, na kama ndivyo, paka dume watafanywaje. Waziri alimshukuru kwa swali zuri. Akajibu kwamba paka dume wote watahesabiwa kuwa wajane wa kike kwa muda, na msiba ukiisha watarudishiwa udume wao bila usumbufu. Ukumbi ukapiga makofi. Mwandishi yule hajaonekana tangu siku hiyo, lakini wenzake wanasema alikuwa na safari.

*

Mzee Sengo, kinyozi mstaafu, alilisikia tamko hilo akiwa uani kwake, chanuo mkononi na paka mapajani. Alisimamisha mkono pale pale ulipofika, katikati ya mgongo, kwa sababu hakujua kama tamko limeanza kazi au linasubiri kuchapishwa.

Paka huyo aliitwa Usufi, kwa manyoya yake meupe marefu, na kwa haki hakuwa wake. Alikuwa wa mkewe, Bi Tausi, aliyemwokota kwenye mvua miaka kumi na minne nyuma, akamkausha kwa kanga mpya, Mzee Sengo akanuna siku mbili kwa ajili ya ile kanga. Mwaka mmoja kabla ya msiba wa Almasi, Bi Tausi alifariki. Mzee akarithi paka, na chanuo la mpingo ambalo marehemu alichania nywele zake mwenyewe, kisha manyoya ya paka, kisha tena nywele zake, bila kuona tofauti.

Bi Tausi alikosea jambo moja tu maishani mwake, nalo ni tarehe ya kufa. Alikufa siku ya pili ya Wiki ya Tabasamu, ile wiki ambayo kila mwaka wananchi humwonyesha Baba wa Wote jinsi walivyoridhika, na uso wa huzuni hadharani huwa ni kosa la jinai. Mazishi hayakukatazwa, maana serikali si katili. Ila waombolezaji walitakiwa kutabasamu, na afisa alisimama kando ya kaburi kukagua meno. Mzee Sengo alimzika mke aliyeishi naye miaka thelathini na tisa huku akitabasamu. Mashavu yalimuuma siku tatu. Wiki ilipokwisha aliketi kitandani akayangoja machozi yaje, nayo hayakuja. Yalikuwa kama mgeni aliyebisha hodi akafungiwa mlango, na ukija kufungua ameshakwenda zake. Mzee aliona haya sana kwa jambo hilo, kwa sababu alimpenda mkewe, na hakupata kumwambia mtu.

Kilichobaki ni kumchana Usufi. Kila siku baada ya chakula cha mchana paka alikuja mwenyewe, akapanda mapajani, akageuza mgongo. Kinyozi mbovu huanzia kwenye ngozi akavuta. Mzee Sengo alibana shina la manyoya kwa vidole viwili ili ngozi isisikie kitu, akaanza nchani, akarudi ndani kidogo kidogo. Alianza nyuma ya masikio, akaja shingoni, mgongoni, mapajani, halafu kwapani, ambako ndiko mafundo hupenda kuzaliwa. Mwisho alifika kidevuni. Hapo Usufi huinua kidevu juu na kufumba macho, kama wateja wa zamani walivyokuwa wakiungoja wembe. Wakati wote huo mzee alikuwa akimweleza nani kaoa, nani kaachwa, bomba la mtaa limekatika tena. Hayo yote alikuwa akimweleza mkewe.

Na kumchana hakukuwa anasa. Usufi alikuwa ajuza. Mgongo umekakamaa, ulimi haufiki tena nyuma, na asipochanwa na mtu hana wa kumchana.

*

Serikali haikutoa amri ikaiacha barabarani. Kila kundi la nyumba zenye paka kumi lilipewa Mjumbe wa Paka Kumi. Kazi yake ilikuwa kupita kila Alhamisi na daftari, kuhesabu mafundo kwenye manyoya ya kila mfiwa na kuhakikisha hayapungui. Paka ambaye mafundo yake yalipungua alipelekwa kwenye Nyumba ya Maombolezo, jengo la bluu lililopakana na kiwanda cha kofia za viongozi, akamalizie eda chini ya uangalizi. Hakuna paka aliyerudi kutoka huko. Kofia za mwaka huo zilisifiwa sana kwa ulaini.

Mjumbe wa mtaa wa Mzee Sengo alikuwa Bi Sikudhani, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyekuwa akiazimana sufuria na marehemu Tausi tangu ujana. Kazi hii hakuiomba. Walimwandikia barua ya pongezi kabla ya kumuuliza.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bi Sikudhani."

"Shikamoo, Mzee Sengo. Nimekuja kumwona mfiwa."

"Marahaba. Mfiwa huyo hapo."

Hiyo ilikuwa wiki ya sita. Bi Sikudhani alivaa miwani, akapitisha vidole kwenye manyoya polepole, midomo ikihesabu. Halafu akaanza tena mwanzo.

"Tisa," alisema. "Alhamisi iliyopita nimeandika kumi. Mzee wangu, moja limekwenda wapi?"

"Limejifungua lenyewe."

"Fundo halijifungui lenyewe. Wewe kinyozi, usinifanye mtoto."

Mzee Sengo akatazama chini. Lilikuwa fundo la nyuma ya sikio, lililokuwa likimvuta Usufi kila anapogeuza kichwa, na mzee alikuwa amelifungua kwa kucha, siku nzima, unyoya kwa unyoya. Bi Sikudhani alitazama mlangoni, akalamba ncha ya kalamu.

"Naandika kumi," alisema. "Lakini usirudie tena hivyo, nakuomba kwa jina la marehemu. Kwa Bwana Mwinyikai wamekuta paka ananuka sabuni. Wamemchukua, mwenyewe anawakimbilia nyuma miguu mitupu."

"Amerudi?"

"Paka au Mwinyikai?"

"Yeyote."

Bi Sikudhani alifunga daftari, akalitia kwapani.

Kufikia mwezi wa tatu mafundo yalikuwa thelathini na moja. Ya kwapani yaliungana na ya tumboni yakawa bamba moja gumu, na Usufi akawa anatembea kwa hatua za nusu. Chini ya manyoya ngozi ilianza kuchanika. Akilala alilala kwa kuchagua upande, na mzee akikaa karibu yake alisikia akitoa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitoa ujanani. Mzee hakuwa na haja nyingine duniani. Alitaka kumtoa yule paka kwenye maumivu, nalo chanuo lipo, mkono upo, na ujuzi wa miaka arobaini upo.

*

Akaenda Ofisi ya Vibali, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Siku ya kwanza aliambiwa aje kesho. Kesho yake aliambiwa alipaswa kuja jana. Siku ya tatu alipewa Fomu Namba Tisa, Ombi la Kupunguziwa Huzuni, iliyotaka alama ya unyayo wa paka, ushahidi kwamba paka ameshahuzunika vya kutosha, na barua ya familia ya marehemu kuthibitisha kwamba haina kinyongo.

"Familia ya marehemu ni Baba wa Wote," alisema Mzee Sengo.

"Ndiyo," alisema karani. "Unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Basi hapo acha wazi. Hapa andika kazi yako."

Mzee akaandika: kinyozi, miaka arobaini, hajawahi kumkata mtu. Karani alisoma, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee wangu, mimi nakuelewa. Hata mama yangu ana paka. Lakini sheria ni msumeno."

"Najua, mwanangu. Ila hujaona bado mtu akachana nywele kwa msumeno."

Karani alifikiri sana. Mwishowe akaliandika neno hilo pembeni mwa fomu kama swali linalohitaji ngazi ya juu, akagonga mihuri minne, akalituma. Hivyo ndivyo jina la Mzee Sengo lilivyofika wizarani.

Baada ya siku tano gari jeusi lilisimama mlangoni kwake. Bi Sikudhani alitokeza kichwa dirishani akakirudisha haraka. Mzee aliaga paka, akatia chanuo mfukoni, akapanda. Aliamini anakwenda gerezani, na alichowaza njiani ni nani atakayemlowekea Usufi mkate kwenye maziwa.

Walimpeleka Ukumbi wa Taifa. Humo Mheshimiwa Almasi alilazwa ndani ya sanduku la kioo, akiwa amekaushwa kitaalamu, na wananchi walipangwa mistari kumpitia tangu asubuhi. Tatizo, alieleza Waziri Ngwandu akijifuta jasho, lilikuwa feni. Feni ya kumpoza marehemu ilifungwa upande usio wake, ikapuliza wiki nane mfululizo, na sasa manyoya yote yamesimama kuelekea mbele. Marehemu alionekana kama anayeshangaa jambo. Baba wa Wote alikuwa anakuja kumwona Ijumaa, na vinyozi wa ikulu wote walikuwa wameumwa tumbo kwa wakati mmoja.

"Unaweza, mzee?"

"Naweza, mheshimiwa. Lakini kuchana paka ni kosa."

Waziri alitabasamu kwa subira ya mtu msomi. "Eda ni ya wafiwa. Huyu si mfiwa, huyu ndiye marehemu. Marehemu hakai eda yake mwenyewe." Hata hivyo, ili walinzi wa mlangoni wasije wakamfunga wakati wa kutoka, aliagiza kibali kiandikwe, na maneno yake yalikuwa haya: *Mtajwa hapo juu anaruhusiwa kuchana paka aliyekufa.*

Mzee Sengo alimchana. Alianza nyuma ya masikio. Alibana shina kwa vidole viwili, akaanza nchani, akarudi ndani. Hakukuta fundo hata moja. Alikuwa paka aliyechanwa na watumishi watatu kila siku ya uhai wake.

"Mbona unabana hivyo?" aliuliza Waziri. "Huyo hasikii."

"Mkono haujui, mheshimiwa."

Alipomaliza, Almasi alirudi kuwa na uso wa mtu wa heshima zake, na Waziri alifurahi hata akasahau kwamba ni wakati wa maombolezo. "Omba chochote," alisema. "Nishani? Baiskeli? Mtaa uitwe jina lako?"

"Nina paka nyumbani, mheshimiwa. Mzee. Ana mafundo thelathini na moja na ngozi inachanika. Naomba nimchane mara moja. Hata upande mmoja tu."

Waziri alishika kifua. Macho yake yalilengwa na machozi, na sidhani kama yalikuwa kwenye ratiba.

"Amekufa?" aliuliza kwa upole.

"Bado, mheshimiwa."

"Ah. Basi shida ndiyo hiyo." Akamkunjulia kibali, akamwonyesha kwa kidole. "Hiki ulicho nacho ni cha aliyekufa. Lakini hakina tarehe ya mwisho. Mwenyewe akiwa tayari, kitakufaa. Usikilowanishe."

*

Kama ningewaambia kwamba Mzee Sengo alirudi nyumbani akafunga mlango, akashika chanuo na liwalo na liwe, hadithi ingenoga. Hakufanya hivyo. Aliogopa. Mtu aliyepitisha wembe kwenye koo za wakuu wa wilaya watatu bila mkono kutetemeka aliogopa daftari, jengo la bluu, na Usufi kufia mikononi mwa watu asiowajua. Alikiweka kibali juu ya kabati, karibu na picha ya mkewe, akakaa.

Usufi aliendelea kuja baada ya chakula cha mchana. Hakuweza tena kupanda, kwa hiyo mzee alimbeba. Alikaa mapajani akangoja, na alipochoka kungoja aliinua kidevu mwenyewe. Mzee aliweka kiganja chini ya kile kidevu, maana kushika kidevu hakukukatazwa popote, akamwambia habari za mtaa. Hakumwambia habari za kibali. Siku nyingine alijikuta akikitazama kule juu ya kabati, akajichukia mpaka chakula kikamshinda.

Jumatano Usufi alikataa maziwa. Ijumaa mchana, redio zote za mtaa zikitangaza jinsi Baba wa Wote alivyosimama mbele ya sanduku la kioo na kusema "Kapendeza," Usufi alikufa mapajani mwa Mzee Sengo, kidevu kikiwa kiganjani.

Mzee alikaa naye kitambo. Kisha akainuka, akatandika mkeka uani, akamlaza. Alikishusha kibali kutoka juu ya kabati, akakiweka kando ya mkeka, akakiwekea jiwe juu yake kisipeperuke. Akafungua mlango wa mbele wazi kabisa, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba alijificha. Halafu akachukua chanuo la mpingo.

Bi Sikudhani aliingia bila hodi, daftari kwapani, uso umempauka. "Mzee Sengo, unafanya nini mlango wazi? Unataka wakuue?" Ndipo alipoliona jiwe, na karatasi chini yake. Alivaa miwani. Alisoma, akamtazama paka, akasoma tena.

"Kiko sawa," alisema.

Akaliweka daftari chini, akapiga magoti upande wa pili wa mkeka. "Nishike wapi?"

"Mguu huo. Uuvute nje kidogo, nipate kwapa."

Walifanya kazi. Fundo baada ya fundo, kutoka nchani kwenda ndani, mzee akibana shina ngozi isisikie. Walipofika kwenye bamba la tumboni Bi Sikudhani akasema, macho yake yakiwa palepale kwenye manyoya, "Tausi nilimwosha mimi. Nikamchana, nikamsuka mikia mitatu. Nikitabasamu. Yule afisa alikuwa dirishani muda wote."

"Najua."

"Sijamlilia mpaka leo, Mzee Sengo. Rafiki yangu wa miaka arobaini."

Mzee alikuwa amefika kidevuni. Mkono ulisimama, ukangoja kidevu kiinuliwe, kama ulivyozoea. Hakikuinuliwa. Akakiinua yeye kwa kidole kimoja, na hapo yale machozi aliyoyafungia mlango mwaka mzima yakarudi yote kwa pamoja. Alimlilia Usufi kwa maumivu ambayo angeweza kumwondolea na hakumwondolea. Kisha akamlilia Tausi, kwa jina lake, kwa sauti, akipiga mkeka kwa kiganja, na Bi Sikudhani akalia naye. Majirani walisikia wakaja. Walipoona mlango uko wazi na mjumbe wa serikali analia, walijua kulia kumeruhusiwa, wakaketi uani wakalia nao, kila mtu na wake: mama aliyezikwa Wiki ya Tabasamu, kaka aliyekuwa na safari, na Bwana Mwinyikai, ambaye mkewe alimlilia palepale ukutani. Walilia mpaka alasiri.

Kabla ya kwenda kwake Bi Sikudhani alifungua daftari, akatafuta jina la Usufi, na mahali pa mafundo akaandika: *Hakuna.*

*

Taarifa ilifika wizarani kwamba mtaa mzima umemlilia Mheshimiwa Almasi kwa muda wa saa tatu bila kuhimizwa. Ilikuwa haijapata kutokea. Waziri Ngwandu alikuja mwenyewe na nishani, mtangazaji wa Redio ya Taifa nyuma yake, na mkutano ukafanyika mbele ya nyumba ya Mzee Sengo. Uani, chini ya mkeka, udongo wa kaburi la Usufi ulikuwa bado haujakauka.

"Mzee," alisema mtangazaji, akimsogezea kipaza sauti, "wananchi wengi wanajitahidi, lakini wanalia kwa wastani tu. Wewe unasifiwa nchi nzima. Hebu waambie wasikilizaji wetu, uliwezaje kulia vile?"

Mzee Sengo aliitazama ile nishani kifuani mwake.

"Nilipata kibali," alisema.

Watu wakapiga makofi, na redio ikaweka wimbo wa taifa.